Kokwa za tende, bamia, mtama au uwatu: ipi ufanyie chai ya mbegu za kukaanga?

Mwezi wa Ramadhani ukifika katikati, nyumba nyingi za Ngamiani, hapa Tanga mjini, huwa na kisahani kando ya sinia la futari, ndani yake kokwa za tende zikisubiri kutupwa. Familia ya watu sita wanaofungua kwa tende tatu tatu hukusanya kokwa 540 kwa siku 30. Kokwa moja ina uzito wa karibu gramu moja, kwa hiyo hapo kuna karibu nusu kilo, ambayo hutoa vikombe 50 hivi vya kinywaji cheusi chenye harufu inayokaribia kakao na kisicho na kafeini hata chembe.

Wakati huohuo kuna bamia zilizokomaa kupita kiasi shambani Muheza au Pangani, na mtama na uwatu katika soko la Mgandini. Zote nne hukaangwa bila mafuta, zikapikwa kwa maji na kuitwa chai. Lakini kila moja ina kazi yake na usumbufu wake, na mtu akianza na isiyomfaa huishia kusema chai ya mbegu ni maji ya masizi.

Tunazipima kwa nini

Kila mbegu tumeipima kwa mambo yaleyale: inapatikanaje, inataka kazi na vyombo gani, ladha yake ikoje, inaharibikia wapi, inakaa muda gani katika hewa hii ya bahari, na inamfaa nani au nani ajihadhari nayo. Hatukupima kwa “inatibu nini”. Mtu anayechagua chai kwa sifa za dawa alizozisikia barazani mara nyingi huchagua vibaya, na wakati mwingine hujidhuru.

Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250, kijiko cha chakula ni mililita 15, na kijiko cha chai ni mililita 5.

Jambo moja linazihusu zote: moto. Mbegu ikipata moto mkali huungua ganda na kubaki mbichi ndani, na chai yake huwa na ukali wa mkaa juu na ladha ya unga mbichi chini. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yashike vizuri, yafunike kwa majivu kidogo, kisha punguza mlango wa hewa. Kwenye gesi, weka moto wa chini kabisa. Tumia kikaango kizito, kile cha chapati kinafaa sana, kwa sababu sufuria nyembamba hupata joto mahali pamoja na kuchoma mbegu za katikati. Zikiiva, zimwage papo hapo kwenye sinia au ungo. Ukiziacha kwenye kikaango zitaendelea kuiva hata baada ya kuzima jiko.

Kokwa za tende

Hununui kitu; unakusanya tu. Ni hapo tu urahisi wake unapoishia, maana hii ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote nne.

Loweka kokwa usiku kucha, zisugue mikononi ili nyama na ule utando mwembamba vitoke, kisha badilisha maji mpaka yawe meupe. Usiruke hatua hii. Nyama ya tende ni sukari, nayo huungua mapema sana kabla kokwa haijaanza hata kubadilika rangi. Uchungu wa sukari iliyoungua hautoki tena. Baada ya hapo zianike siku mbili hadi tatu za jua kali. Ukizimwaga kwenye sinia zikalia kama kokoto, zimekauka.

Kaanga gramu 250 kwa mara moja, zisirundikane, kwa moto mdogo dakika 40 hadi 50 huku ukigeuza kwa mwiko. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40 na kutikisa trei kila dakika 10. Rangi huanza kuwa ya kahawia, ikaelekea weusi wa kahawa iliyokaangwa. Usiamini rangi peke yake. Toa kokwa moja, iache ipoe, igonge kwa mchi. Ikipasuka kavu kama kigae, na ndani ina rangi ileile ya nje, imeiva. Ikibonyea au ikipasuka vipande viwili vyenye moyo mweupe, rudisha jikoni.

Kusaga ndiko kunakowashinda wengi. Kokwa ni ngumu hata baada ya kuiva, na ukizitia nzima kwenye blenda ya nyumbani utaua visu vyake au injini. Zitwange kwanza kwenye kinu mpaka ziwe chenga za ukubwa wa punje za mtama, ndipo uzitie kwenye blenda kidogo kidogo, kwa vipindi vya sekunde 20, ukiipumzisha. Njia nyepesi zaidi ni mashine ya kusagia viungo sokoni, lakini uliza kilichopita kabla yako. Kama ilikuwa pilipili, omba kwanza upitishe viganja viwili vya mchele na uutupe. Unga wa kokwa hushika ukali wa pilipili na hakuna namna ya kuutoa.

Chemsha kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kikombe cha maji, moto mdogo dakika 10, epua, acha dakika tatu mashapo yashuke, kisha chuja kwa kitambaa. Chujio la majani ya chai halitoshi, litapitisha unga. Ladha ni nzito, ina uchungu wa wastani na harufu ya kakao, na iliki mbili zilizopondwa huipendeza kuliko kiungo kingine chochote. Kwenye dele, pamoja na kashata, inakaa mahali pa kahawa chungu bila kuona haya. Asiyezoea kahawa chungu huenda akaiona kavu ulimini.

Kokwa zilizokaangwa nzima hukaa miezi kadhaa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Zikiwa unga, zitumie ndani ya mwezi mmoja. Wakati wa masika fanya wiki mbili, kwa sababu unga hunyonya unyevu na kushikana mabonge.

Inamfaa mpenzi wa kahawa chungu anayetaka kulala usiku, na anayefurahia kazi ya siku nyingi. Mwenye haraka asiianze.

Mbegu za bamia

Bamia ya sokoni ni changa, na mbegu zake hazifai. Unahitaji maganda yaliyoachwa kwenye mche mpaka yawe ya kahawia na kuanza kupasuka kwenye mistari yake. Maganda 30 hivi hutoa takribani gramu 100 za mbegu. Kwa hiyo hii ni chai ya mwenye bustani, au ya mtu mwenye jamaa shambani anayeweza kumwambia asing’oe mibamia ya mwisho wa msimu.

Usinunue mbegu za kupanda kwenye duka la pembejeo ukazikaanga. Nyingi zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu, na rangi yake ya waridi, kijani au buluu imewekwa makusudi ili mtu asizile. Kuziosha hakusaidii.

Kazi yake ni ndogo kuliko ya tende: pepeta, osha haraka, anika siku moja, kaanga dakika 12 hadi 15 kwa moto wa chini kuelekea wastani. Weka kifuniko karibu, maana zikishapata joto huanza kuruka nje ya kikaango. Mtego wake uko kwenye rangi. Mbegu ya bamia ni ya kijivu inayokaribia nyeusi tangu ikiwa mbichi, kwa hiyo ganda halikuambii kitu. Kila baada ya dakika tano toa mbegu moja, ivunje kwa kisu, utazame moyo wake. Mweupe wa maziwa, bado. Rangi ya karanga zilizokaangwa, inakaribia. Kahawia iliyokolea, epua sasa hivi. Ukingoja moyo uwe mweusi umekwisha kuiunguza.

Husagika kwa urahisi kwenye kinu au blenda. Vijiko viwili vya chai vya unga kwa kikombe, chemsha dakika tano, tuliza, chuja. Kati ya zote nne hii ndiyo inayofanana na kahawa zaidi: ina uchachu mdogo, mwili mwepesi, na mafuta kidogo yanayoelea juu ya kikombe. Si ugunduzi wa jana. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, bandari za kusini zilipofungwa na kahawa ikaadimika, watu wa huko walikaanga mbegu za bamia na kunywa badala yake.

Mafuta hayohayo yanayoipa ladha ndiyo yanayoiharibu. Unga wake ukikaa wiki tatu katika joto la Tanga huanza kunuka mafuta ya zamani, kama karanga zilizosahaulika kabatini. Hifadhi mbegu nzima zilizokaangwa, saga za wiki moja tu. Mwenye friji aweke humo.

Inamfaa mkulima wa bustani na anayetafuta kitu kinachokaribia kahawa bila kupigana na kokwa za tende. Wa mjini asiye na pa kuotesha atahangaika kuipata.

Mtama

Hapa mambo ni mepesi. Mtama upo sokoni mwaka mzima, mwingi ukitoka Dodoma na Singida, hausagwi, na makosa yake yanasameheka.

Kazi ya kweli iko kwenye kuchambua, na hiyo usiifanyie haraka. Mwaga mtama kwenye ungo mweupe au sinia, mahali penye mwanga, utafute mbegu bapa, nyeusi au kahawia iliyokolea, zenye umbo la figo, upana wa milimita tatu hivi. Hizo zinaweza kuwa za mnanaha, gugu linaloota mashambani kati ya nafaka na kuvunwa pamoja nazo. Zina sumu inayokausha kinywa, kupanua mboni za macho na kumfanya mtu aweweseke, na kikaango hakiiondoi sumu hiyo. Punje zenye ukungu au harufu ya uvundo nazo zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Baada ya kuchambua, osha, anika mpaka ukauke kabisa, kaanga dakika 12 hadi 15 kwa moto wa wastani. Punje chache zitatoa bisi, hiyo ni kawaida. Zikitoka bisi nyingi mfululizo, moto umezidi. Simamisha kazi punje zikiwa kahawia iliyokolea na harufu imekuwa ya mkate uliookwa. Vijiko vitatu vya chakula vya punje nzima kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 15, acha ndani dakika 10, chuja.

Ladha ni nyepesi, ya nafaka, ina utamu wa mbali hata bila sukari. Mtama mweupe hutoa chai laini. Mwekundu hutoa rangi nzuri zaidi lakini una ukakasi, ule unaokaza ulimi kama ndizi mbichi, kwa sababu mara nyingi una tanini nyingi. Tanini hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula, kama zinavyofanya za majani ya chai. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wanywe mweupe, au wanywe saa moja mbali na mlo.

Wajapani hufanya hivihivi kwa shayiri, wakaiita mugicha, na huinywa baridi wakati wa joto. Kwetu shayiri ya uji wa Ramadhani inaweza kukaangwa kwa vipimo hivi vya mtama. Tofauti ya kuzingatia ni kwamba shayiri ina gluteni, mtama hauna.

Kasoro yake ni kuchacha. Maji ya mtama yana wanga, na yakilala mezani usiku wa joto asubuhi yatakuwa na povu na harufu ya togwa. Pika ya siku hiyo, au weka kwenye friji na uimalize ndani ya siku mbili. Punje zilizokaangwa zenyewe hukaa miezi miwili bila shida ndani ya chupa iliyokazwa.

Inafaa nyumba nzima, watoto wanaokula chakula cha kawaida wakiwemo. Anayetafuta uchungu na uzito wa kahawa hataupata hapa hata akaange mpaka punje ziwe mkaa.

Uwatu

Uwatu unauzwa kwenye kila meza ya viungo, na gramu 100 zinatosha mwezi mzima kwa mtu mmoja. Upatikanaji na bei yake havina mshindani. Ugumu wote uko katika dakika mbili za mwisho za kukaanga.

Chambua vijiti na vijiwe, usioshe, maana uwatu ukilowa hutoa utelezi na kushikana. Tandaza gramu 100 kwenye kikaango chenye moto mdogo na ugeuze bila kuacha. Dakika tatu za kwanza huoni kitu. Kisha manjano hugeuka rangi ya dhahabu, halafu kahawia hafifu, na harufu ya kachumbari ya Kihindi hubadilika ghafla kuwa ya sukari inayoyeyuka. Ni hapo. Mwaga kwenye sinia ya baridi. Kwa jumla ni dakika tano hadi saba, na nusu dakika ya ziada huleta uchungu ambao asali haiufichi. Anayependa kukaanga huku akiangalia simu aache uwatu.

Usisage. Ponda tu, kila mbegu ipasuke mara mbili tatu, kwani unga laini hutoa utelezi kikombeni. Kijiko kimoja cha chai kwa mililita 300 za maji, dakika tano hadi saba, chuja. Kikombe chake ni cha rangi ya asali, na uchungu wake unaisha kwa utamu kidogo. Tangawizi inaendana nao, maziwa pia. Limau linagombana nao.

Mnywaji wa kila siku atagundua jasho na mkojo vinanukia kama sukari iliyoungua. Si ugonjwa, ni harufu ya uwatu wenyewe ikipita mwilini.

Hapa ndipo penye tahadhari nyingi. Pwani uwatu hupewa mama aliyejifungua, lakini aliye na mimba asiutumie kama chai, kwa kuwa unaweza kuchochea mikazo ya mfuko wa uzazi. Uwatu pia hushusha sukari ya damu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa na kuongeza vikombe vya uwatu juu yake anaweza kushukiwa na sukari mpaka akazimia, kwa hiyo azungumze kwanza na daktari wake, na asiache dawa kwa sababu ya chai. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Na ambaye karanga au dengu humletea mzio ajihadhari, maana uwatu ni wa jamii ya kunde.

Mbegu zilizokaangwa nzima hukaa miezi mitatu. Inamfaa anayeishi peke yake, anayetaka kikombe kimoja baada ya mlo mzito, na asiye na dawa wala mimba ya kuzingatia.

Zisizoingia kikaangoni

Watu wakishazoea huanza kujaribu kila mbegu. Nyonyo ni sumu, haijaribiwi. Mbegu za mwingajini, kile kijiti cha maua ya manjano na maganda membamba kinachoota kwenye viwanja vitupu, ambacho wataalamu hukiita Senna occidentalis, katika baadhi ya nchi hukaangwa kama kahawa. Lakini mbegu hizo zimewadhuru watoto na mifugo, na hatuoni sababu ya kuzitia jikoni wakati mtama upo.

Kwa hali yako

Umeambiwa upunguze kahawa na bado unataka dele, vikombe vidogo na uchungu: bamia kama una shamba, kokwa za tende kama huna. Ukiona ya tende imezidi uzito, changanya unga wake sehemu tatu na mtama uliokaangwa na kusagwa sehemu moja.

Una nyumba yenye watoto na unatafuta cha kuweka kwenye jagi badala ya soda: mtama mweupe, upoe, uingie friji. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi chai yoyote kati ya hizi. Ni maziwa ya mama tu.

Una mimba: mtama mweupe. Una kisukari na unatumia dawa: uwatu usubiri neno la daktari, na chai nyingine yoyote uinywe bila sukari.

Huna kinu, blenda, wala muda wa kwenda mashineni: mtama au uwatu, kwa kuwa vyote viwili vinapikwa bila kusagwa. Hujawahi kukaanga mbegu hata siku moja: anza na nusu kikombe cha mtama, jifunze harufu inavyobadilika, ndipo uende kwenye uwatu.

Na kama masika yameingia na kokwa zako za Ramadhani bado mbichi ndani, usizianike zikalowa na kukauka mara tatu, zitaota ukungu. Zipitishe kwenye kikaango cha moto mdogo sana kwa dakika 15 zikauke tu bila kubadilika rangi, zipoe, zifunge ndani ya chupa, uzikaange jua likirudi.